Geji ya waidibendi: kuichagua, kuifunga na kuisoma kwenye gari lako

Kila anayepandisha busti (presha ya hewa ambayo turbo husukuma ndani ya injini) ya Subaru yake hapa Kampala ana swali moja kichwani hata kama halitamki: petroli inaifuata hewa, au injini inakimbia na njaa? Sikio halitoshi kulijibu. Rangi ya plagi hujibu kwa kuchelewa, na moshi mweusi huonekana mambo yakiwa yameshazidi. Kinachojibu papo hapo ni geji ya waidibendi, ile inayopima oksijeni iliyobaki ndani ya moshi na kuonyesha uwiano wa hewa na petroli kwa namba.

Naandika haya kwa mwenye gari na kwa fundi pia, kwa sababu naona geji nzuri nyingi zimefungwa vibaya. Nati ya sensa imechomelewa chini ya bomba, athi (waya hasi unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari) imeungwa kwenye skrubu ya dashibodi, ekzosi inavuja juu ya sensa. Geji ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa geji kabisa, maana mwenye gari ataiamini na atakanyaga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuifanya namba iwe ya kweli.

Namba yenyewe ina maana gani

Petroli safi inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kilo moja iungue yote, pasibaki petroli wala oksijeni. Hapo ndipo panaitwa lambda 1; lambda ni hewa iliyopo ikigawanywa kwa hewa inayohitajika. Namba ikiwa chini ya 14.7, mchanganyiko ni mzito, petroli imezidi. Ikiwa juu, mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi. Injini yenye mzigo mkubwa na mchanganyiko mwepesi hupata joto kali, huanza kugonga, na pistoni hupasuka kati ya ringi na ringi. Waliowahi kufungua EJ20, ile injini ya Subaru, iliyokufa hivyo wanakijua kile kipande kilichokatika.

Sensa ya kawaida ya oksijeni, narobendi, hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9 hivi, na huruka ghafla inapopita 14.7. Inajua uko upande gani, lakini haijui uko umbali gani. Kwake 11 na 13 ni kitu kimoja, vyote vizito. Kwenye turbo, tofauti ya 11 na 13 ndiyo tofauti ya injini nzima na injini ya kufungua.

Waidibendi hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna chumba kidogo sana ambamo moshi huingia. Kontrola, yaani saketi inayoiendesha sensa, husukuma oksijeni kuingia au kutoka kwenye chumba hicho mpaka seli ya kupimia isome volti 0.45, kisha hupima mkondo wa umeme uliotumika kusukuma. Mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa lambda. Kazi hii haiwezekani sensa ikiwa baridi. Bosch LSU 4.9, ambayo ndiyo sensa ya geji nyingi za leo, hutaka kiini chake kiwe karibu nyuzi 780 za Selsiasi, na hita iliyo ndani ndiyo inayokifikisha huko. Likumbuke hili tutakapofika kwenye umeme.

Jambo moja huwachanganya wengi. Sensa inapima lambda, si 14.7. Geji huchukua lambda na kuizidisha kwa 14.7 kabla ya kukuandikia namba. Ukiweka petroli iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10, uwiano wake kamili ni karibu 14.1, lakini geji bado itaandika 14.7 kwenye lambda 1. Ndiyo sababu mimi huziweka geji zisome lambda: haijali umejaza nini kwenye tangi. Hapa nitatoa namba zote mbili.

Nani anaihitaji

Kama una Toyota Premio au Wish isiyobadilishwa kitu na inakula mafuta, usinunue geji. Badilisha plagi, angalia filta ya hewa, safisha injekta, soma makosa kwenye kompyuta ya injini. Pesa yako itafanya kazi zaidi huko. Isitoshe, magari mengi ya Toyota ya karibuni yana sensa ya hewa na petroli ya kiwandani kabla ya kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na usomaji wake unaweza kuuona kwa simu kupitia plagi ya OBD2, ile ya kusomea kompyuta ya gari. Inatosha kwa kutafuta hitilafu. Haitoshi kwa kutyuni turbo, yaani kupanga upya petroli na busti yake, kwa kuwa sensa nyingi za kiwandani hupoteza usahihi mchanganyiko unapozidi kuwa mzito.

Anayeihitaji ni yule aliyepandisha busti, aliyebadilisha turbo, injekta au pampu ya petroli, aliyeweka kompyuta ya kutyuni, au mwenye kabureta anayetafuta jeti (kitundu cha kupitishia petroli) sahihi. Hawa wa kabureta husahaulika. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 88 badala ya 101 za pwani. Kabureta haijui hilo. Jeti iliyofaa Mombasa itakuwa nzito hapa, na ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, itazidi kuwa nzito.

Mwenye turbo naye anaguswa. Faili ya tyuni iliyoandikwa Uingereza kwa hewa ya karibu na bahari ukiitia kwenye Subaru WRX iliyoko Ntinda, hapa Kampala, turbo italazimika kuzunguka kasi zaidi kufikia presha ileile kamili, na hewa itatoka ya moto zaidi. Usiiamini faili ya mtu mwingine bila kuipima hapa ulipo.

Kuchagua

Anza na sensa, halafu ndiyo uangalie uso wa geji. Taa na rangi zisikuvute.

Tafuta inayotumia LSU 4.9. Ile ya zamani, LSU 4.2, ilitegemea hewa safi ya nje kuwa kipimo chake cha kulinganishia, na hewa hiyo ikichafuka chini ya gari, usomaji ulipotea. 4.9 hujitengenezea oksijeni yake ya kulinganishia kwa umeme. Kwa barabara zetu za vumbi la murram hilo ni jambo kubwa. Viunganishi vya sensa hizi mbili ni tofauti na havibadilishani, kwa hiyo kontrola ya 4.2 itakufunga kwenye sensa za 4.2 siku zote.

Geji zinazojulikana na zenye maelekezo ya wazi ni kama AEM X-Series na Innovate MTX-L. Kuna pia kontrola ndogo za 14Point7 Spartan, zinazofaa kwa mtu mwenye kompyuta ya kutyuni anayetaka namba iende kwenye kompyuta moja kwa moja. Geji nzima pamoja na sensa nje ya nchi huwa kati ya dola 150 na 250 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. AEM X-Series haihitaji kalibresheni ya hewa huria, yaani kuiwekea sensa kipimo kwenye hewa safi. MTX-L inaihitaji, na nitaieleza mbele. Kwa mtu anayefunga mara moja na kusahau, napendelea ya kwanza. Kwa mtu anayependa kuhakikisha mwenyewe, ya pili haina ubaya.

Uliza mambo haya kabla ya kulipa. Ina waya wa kutoa volti 0 hadi 5, na kanuni ya kugeuza volti kuwa namba imeandikwa? Bila hiyo ni vigumu kurekodi kwenye kompyuta. Sensa yake inauzwa peke yake? Sensa ni kitu cha kuchakaa, utaibadilisha. Kipenyo cha geji ni milimita 52? Hicho ndicho kipimo cha vikombe na vishikio karibu vyote.

Sasa tahadhari. Sokoni kuna geji za bei ya chini zilizoandikwa kwamba zinapima uwiano wa hewa na petroli, zenye taa zinazocheza kijani, njano na nyekundu. Nyingi ni narobendi tu. Njia ya haraka ya kutambua ni kuangalia sensa: narobendi ina waya mmoja hadi minne. LSU 4.9 ina nyaya tano zinazoingia kwenye kiunganishi chenye pini sita, kwa sababu ndani ya kiunganishi mna rezista ndogo iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo. Usikate kiunganishi hicho kamwe. Ukikikata umeitupa kalibresheni.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, utapata geji zilizotolewa kwenye magari ya Japani, na nyingine ni nzima. Geji iliyotumika naweza kuikubali. Sensa iliyotumika siinunui kwa bei yoyote, maana hujui imekula nini. Sensa mpya nayo huigizwa: LSU 4.9 ya Bosch inayotumika sana kwenye geji ina namba 0 258 017 025, lakini namba hata mwigaji anaichonga. Nunua kwa muuzaji atakayekurudishia pesa.

Ekzosi kwanza

Usichomelee chochote kabla hujajua kwamba ekzosi haivuji kuanzia kwenye silinda mpaka sensa itakapokaa. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha ndani ya bomba hushuka. Kwenye ufa mdogo hewa ya nje huvutwa ndani, sensa huiona kama oksijeni iliyobaki, na geji inasema mchanganyiko ni mwepesi wakati si kweli.

Niliwahi kuletewa Forester ya turbo iliyosoma 16 injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma yenyewe bila kukanyagwa. Mwenyewe alikuwa ameshashauriwa anunue injekta kubwa. Kwenye gasketi ya bomba linalopanda kwenda kwenye turbo kulikuwa na alama nyeusi ya masizi, nyembamba kama uzi, upande wa nyuma ambako huoni bila kioo. Gasketi mpya, boliti zikakazwa sawasawa, namba ikarudi 14.6. Ukitazama vizuri uongo wa namna hii una dalili yake: namba huwa nyepesi sana sailensa, lakini ukikanyaga inakaribia kawaida, kwa kuwa presha kubwa inasukuma moshi nje na hewa haipati nafasi ya kuingia.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa baridi, tia hewa ya kompresa yenye presha ndogo kupitia mdomo wa ekzosi, ziba kwa kitambaa, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila gasketi, kila mahali palipochomelewa na kila kiungo. Povu litakuonyesha.

Sensa ikae wapi

Kwa injini isiyo na turbo, weka sensa pale moshi wa silinda zote umeshaungana, kiasi cha sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye kichwa cha injini. Kwa turbo, weka baada ya turbo, umbali huohuo kutoka mdomo wake, kabla ya kataliti. Usiweke kabla ya turbo. Presha ya huko hupotosha usomaji, na joto linaiua sensa: LSU 4.9 haitakiwi kukaa kwenye moshi unaozidi nyuzi 930 kwa muda mrefu, na sehemu yake ya spana isizidi nyuzi 600. Baada ya kataliti pia hapafai, kwa sababu kataliti imeshatumia oksijeni. Na isiwe karibu na mwisho wa bomba, kwani hewa ya nje hurudi ndani injini ikiwa sailensa.

Halafu pembe. Hapa ndipo nabishana na mawelda kila mara. Ukilitazama bomba kama uso wa saa, sensa ikae upande wa juu, kati ya namba 10 na namba 2 zilizoandikwa kwenye uso huo, ikiegemea juu angalau nyuzi 10 kutoka usawa. Kila injini inapowaka baridi, maji hutokea ndani ya ekzosi. Sensa iliyo chini au pembeni hukusanya maji hayo, hita inawaka, na kauri iliyo ndani, yenye joto la mamia ya nyuzi, hupasuka ikiguswa na tone. Welda mmoja wa Katwe aliniambia, "Bosi, huku chini ndiko mkono unafika." Nikamjibu, "Ssebo (bwana), basi tushushe bomba." Tukalishusha. Nusu saa ya kufungua boliti ni nafuu kuliko sensa mpya. Chini pia ndipo mawe na matuta ya barabarani yanapogonga.

Kuchomelea

Shusha bomba kutoka kwenye gari. Faida ni mbili: welda anafika pande zote, na chembe za chuma hazibaki ndani zikaenda kwenye kataliti. Kama hakuna namna ila kuchomelea likiwa kwenye gari, toa waya hasi wa betri na uchomoe kompyuta ya injini kabla welda hajagusa kitu.

Nati ya kuchomelea ni M18 yenye hatua ya milimita 1.5, ileile ya sensa nyingi za oksijeni. Nunua ya chuma kinacholingana na bomba lako: bomba la chuma kisichoshika kutu, nati ya chuma kisichoshika kutu, na ichomelewe kwa TIG, ile welding ya gesi ya argoni. Toboa kwa keekee ya ngazi mpaka ncha ya sensa ipite bila kugusa ukingo, lainisha kwa tupa, jaribu sensa kwa mkono uone kwamba itaingia na kutoka bila kugonga sakafu ya gari wala shafti. Kisha toa sensa, weka mbali. Wakati wa kuchomelea funga boliti ya M18 au sensa ya zamani iliyokufa ndani ya nati, la sivyo joto litaipinda na nyuzi zake zitakataa. Chomelea mzunguko mzima, si madoa manne, vinginevyo umejitengenezea uvujaji wako mwenyewe.

Bomba likipoa, ng'arisha nyuzi. Sensa mpya nyingi huja na grisi ya kuzuia kushikana. Kama haina, paka kidogo sana kwenye nyuzi peke yake, isifike kwenye ncha. Kaza kwa spana ya 22, kati ya Nm 40 na 60. Waya wa sensa uwe na ulegevu kidogo maana injini hutikisika, na uufunge mbali na bomba.

Umeme

Waya upitishwe kwenye tundu lililopo la ukuta kati ya injini na kabini, ambalo tayari lina raba. Usitoboe tundu jipya bila kuweka raba, bati litakata waya.

Moto wa geji utoke kwenye waya unaopata umeme swichi ikiwa kwenye ON na pia wakati wa kupiga stata. Tafuta kwa multimita. Waya wa redio haufai, kwa kuwa hukatika unapopiga stata na hita inaanza upya. Weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye karatasi ya geji, karibu na chanzo cha moto.

Njia ninayoipenda zaidi ni rilei, swichi inayowashwa kwa umeme. Chukua ishara kutoka waya wa rilei ya pampu ya petroli, iwashe rilei yako mpya, na rilei hiyo ilete moto kutoka betri kwenda kwenye geji kupitia fyuzi. Hivyo hita haiwaki kwa muda mrefu injini ikiwa imezimwa, na mtu akiacha swichi ON akisikiliza redio, sensa haiteseki. Usichukue moto wa hita kwenye waya wenyewe wa pampu, utaipunguzia pampu volti yake.

Athi ndiyo inayoamua kama namba zako za kurekodi ni za kweli. Waya mweusi wa geji uende kwenye injini, pale athi za kompyuta ya injini zilipofungwa. Rangi na kutu vikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Kama geji ina waya wa pili wa athi kwa ajili ya ishara, huo uende kwenye athi ya sensa za kompyuta, usichanganywe na wa hita. Sababu ni hesabu. AEM X-Series hutumia kanuni hii: zidisha volti kwa 2.375, jumlisha 7.3125. Athi ikiwa mbaya ikapotosha volti 0.1 tu, namba kwenye rekodi imehama kwa karibu 0.24. Unadhani uko 11.5, kumbe uko 11.7. Kwa MTX-L, ambayo volti 0 ni 7.35 na volti 5 ni 22.39, volti 0.1 ni sawa na 0.3.

Ukishaunga, linganisha. Soma namba kwenye uso wa geji, soma ya kompyuta ya kutyuni kwa wakati huohuo, injini ikiwa imetulia. Zikitofautiana, usirekebishe kanuni ndani ya programu ili zifanane. Rudi kwenye athi.

Viungo vilehemiwe au vibanwe kwa kiunganishi cha kubana, kisha vifunikwe kwa mrija unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake kwenye joto la chini ya boneti huachia gundi. Na kama sensa ya kiwandani ipo, iache mahali pake. Geji kama MTX-L zinaweza kuiga ishara ya narobendi, ila gari lisipokuwa na narobendi asilia, yaani lina sensa ya hewa na petroli ya kiwandani, kompyuta itachanganyikiwa.

Mara ya kwanza

Kama geji yako inataka kalibresheni ya hewa huria, ifanye kabla sensa haijaingia kwenye bomba. Ining'inize mahali pasipo moshi wala mvuke wa petroli, si ndani ya gereji ambamo gari jingine linaunguruma. Fuata karatasi, iache ipate joto, igundue hewa. Ifanyie hapa gari linapokaa, kwa kuwa sensa huhisi presha ya oksijeni na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya kiwandani.

Ukishafunga kila kitu, usiwashe geji ukaenda kunywa chai kabla ya kupiga stata. Washa swichi, piga stata. Na sensa ikishakuwa ndani ya ekzosi, isiachwe bila umeme injini ikiwaka. Sensa baridi hujaa masizi na hufa haraka.

Kuisoma

Injini ikiwa baridi namba itakuwa nzito, hiyo ni kawaida. Ikipata moto, sailensa inatakiwa icheze karibu na 14.7, yaani lambda 1, au nzito kidogo kwa injini yenye kamshafti kali. Kwenye mwendo wa kawaida kwenye barabara ya Jinja, vivyo hivyo. Ukiachia akseleta ukishuka mlima, namba itaruka mpaka mwisho wa kipimo. Usiogope, kompyuta imekata petroli na sensa inaona hewa tupu.

Kanyaga yote, na hapa ndipo pesa ya geji inarudi. Injini ya petroli isiyo na turbo hupenda kati ya 12.5 na 13.0, lambda 0.85 hadi 0.88. Turbo niilinde kwa 11.0 hadi 11.8, lambda 0.75 hadi 0.80. Turbo ikipita 12.3 busti ikiwa imejaa, achia akseleta saa hiyohiyo. Kuiweka 10 nako si usalama: petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na nguvu inapotea.

Tazama umbo la safari, sio namba moja. Ikianza 11.5 kisha ikapanda polepole kuelekea 12.5 kadiri mizunguko inavyoongezeka, pampu au injekta zimefika mwisho, au filta ya petroli imeziba. Ikiruka ghafla kuwa nyepesi ikarudi, huenda ni misi (silinda kukosa kuwaka) ya plagi au koili: petroli haikuungua, lakini oksijeni nayo haikutumika, na sensa inaona oksijeni tu. Injini yenye misi huonekana nyepesi hata ikiwa nzito. Wengi wameongeza petroli mahali hapo, wakazidisha tatizo.

Kwenye Subaru yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, kuna jambo la kutazama zaidi. Bomba la hewa likipasuka kati ya sensa hiyo na turbo, hewa isiyohesabiwa inaingia na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Likipasuka baada ya turbo, hewa iliyohesabiwa inatoka nje chini ya busti na mchanganyiko unakuwa mzito, mara nyingi pamoja na moshi mweusi. Namba peke yake tayari imekuambia utafute wapi.

Usiisome geji huku unaendesha. Kuna kuchelewa kidogo kati ya tukio ndani ya silinda na namba kwenye uso, na jicho lako lina kazi nyingine. Rekodi kwenye kompyuta ndogo au mwombe mtu aliye pembeni apige video ya geji pamoja na geji ya mizunguko. Na kukanyaga yote kusifanyike kwenye barabara ya Entebbe usiku. Tafuta dyno, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama, au uende kwenye viwanja vya michezo ya magari kama Busiika siku vinaporuhusu. Gia ya tatu, kutoka mizunguko ya chini hadi juu mara moja, halafu simama usome rekodi kabla ya kurudia.

Kinachoiua

Petroli yenye risasi huiua. Silikoni ya kawaida ya kuziba gasketi huiua kwa mvuke wake, kwa hiyo mahali popote karibu na injini tumia ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa za oksijeni. Injini inayokula oili au inayovujisha kulanti kwenye silinda huifunika polepole. Kuidondosha kwenye saruji mara moja kunatosha, hata kama kwa nje haina alama.

Sensa inayokufa huwa inajibu taratibu, hubaki namba moja bila kucheza, au geji huonyesha kosa la hita. Ukiwa na shaka, itoe, iwashe kwenye hewa huria. Hapo geji inatakiwa ifike mwisho wa upande mwepesi. Isipofika, inunulie mwenzake mpya. Siku ukitaka kuuza gari na kubaki na geji, ziba nati kwa boliti ya M18 yenye hatua ya 1.5 na washa ya shaba, uikaze vizuri, na umwambie mnunuzi lile tundu lilikuwa la nini.